Mpira wa Dirishani

Hapo zamani, zamani za makipa kuruhusiwa kuudaka mpira mpaka nusu ya uwanja, palikuwa na mji kaskazini ya Uingereza ukiitwa Mossgarth. Msiutafute kwenye ramani, mtachoka bure. Nyinyi kaeni mnisikilize, na kazi yenu ni moja tu. Nikisema "Mossgarth wamekwisha," mnajibu "Bado!" Haya, tujaribu. Mossgarth wamekwisha!

Bado!

Wewe wa nyuma uliyefunga mdomo, nimekuona. Hadithi hii si ya kusinzia. Mwisho wake nitawauliza swali, na atakayekuwa amelala nitamwanza yeye.

Mossgarth ulikuwa mji wa mablanketi. Kiwanda kilikuwa kimoja, cha Bwana Garside, na nyumba nyingi za mji zilikuwa za kiwanda hichohicho. Ndani ya kiwanda mitambo ya kufuma ilinguruma tangu alfajiri, hata mtu hamsikii aliyesimama naye bega kwa bega. Basi wanawake wafumaji walijifunza kuzungumza kwa midomo bila kutoa sauti. Mmoja anachezesha midomo huku, mwenzake ng'ambo ya chumba anaisoma, anacheka, anajibu. Walisengenyana hivyo, walifarijiana hivyo, na msimamizi akipita katikati yao hasikii kitu. Kwa kuwa wengi uziwi uliwapata mapema, hata majumbani na barabarani waliendelea kusema vivyo hivyo.

Jumamosi adhuhuri honi ya kiwanda ililia na kazi ikasimama. Hapo mji mzima ulikwenda uwanjani kando ya mto kuitazama timu yao. Timu yenyewe ilikuwa mbovu. Sitawadanganya. Ilikuwa mbovu, lakini ilikuwa yao, na nyinyi mnaoshangilia timu mbovu mnajua nasema nini.

Ligi ya siku zile haikuwa na kushuka daraja kama mnavyojua leo. Timu iliyoburura mkia ilikwenda mkutanoni kuziomba timu nyingine kura ili ibakizwe. Mossgarth walikuwa wamekwenda kuomba mara mbili mfululizo. Mara ya pili mwenyekiti wa ligi aliwaambia, "Mkija tena mwakani, njooni kuaga." Kwa hiyo msimu huo kila mtu alilijua jambo moja: wakimaliza mkiani, timu inakufa, na Jumamosi ya Mossgarth inabaki siku ya kufua nguo.

Walikuwa na desturi moja. Mossgarth hawakuwa na kikombe, hawajawahi hata kukigusa. Lakini kila msimu ulipokwisha, mpira wa mechi ya mwisho walimpa mtu mmoja: yule ambaye bila yeye msimu ungezama. Mtu huyo aliuweka kwenye dirisha la nyumba yake linalotazama barabara, na waliopita walivua kofia. Mpira ulikaa hapo mpaka majira ya vuli, ukarudishwa uwanjani kwa mazoezi ya kwanza. Mpira mmoja, mtu mmoja, dirisha moja. Haukugawanywa, maana mpira ukiukata vipande unabaki na ngozi ya kuku asiye na nyama.

Sasa nawaleteeni watu wangu watatu.

Wa kwanza ni kapteni, Lionel Ashcombe. Huyu alikuwa kasisi kijana, mtoto wa watu wenye nafasi, aliyeletwa Mossgarth kusaidia kanisani. Alicheza kwa kupenda tu, na alikuwa na mguu mkali kuliko wote. Alipokuwa chuoni, yeye na kaka yake mkubwa na rafiki zao waliapa kiapo: hawatafaidika na penalti maisha yao yote. Msicheke. Waungwana wa siku zile waliona penalti ni tusi. Waliamini hakuna muungwana anayemchezea mwenzake rafu kwa makusudi, na kupokea penalti ni kumwita mwenzako mhuni. Wakipewa, waliupiga mpira nje kwa hiari yao.

Basi mwanzoni mwa msimu Mossgarth wakapewa penalti, matokeo yakiwa sare. Kasisi Ashcombe akauweka mpira, akarudi nyuma, akaja mbio, akaupiga kwenye kibendera cha kona. Kwa makusudi! Mechi ikaisha droo. Mjini hapakulika chakula kwa amani jioni ile.

Jumapili, mlangoni mwa kanisa, mwanamke mmoja akamzuia. "Kasisi, jana ulimheshimu nani?"

"Nilikiheshimu kiapo changu, Bi Hannah."

"Basi hicho kiapo chako kinakula kwetu," akasema Bi Hannah, akaingia kusali.

Huyo ndiye mtu wangu wa pili. Hannah Crabtree, mfumaji, mjane, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Uwanjani sauti yake ilitosha, hakuhitaji jirani wa kumsaidia kushangilia. Waliomuuliza kwa nini hakosi mechi aliwaambia, "Wiki nzima nasikia mitambo ya Garside. Jumamosi nasikia sauti yangu."

Wa tatu ni golikipa, Enoch Tattersall, mwashi wa mawe. Mikono yake ilikuwa mikubwa mno, na kifua chake kilijaa sifa. Sheria ilimruhusu kuudundadunda mpira kwa mikono mpaka nusu ya uwanja, naye alipenda kwenda nao huko kutembea, watu wakipiga makofi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Shikeni hapo, tutarudi.

Msimu ukaenda. Mvua, matope, vipigo. Wakafungwa ugenini, wakafungwa nyumbani, wakafungwa na timu iliyokuja na wachezaji pungufu kwa kuwa mmoja alikosa treni. Kasisi alipohubiri juu ya subira, waumini walikohoa. Krismasi ikapita wakiwa mkiani. Mossgarth wamekwisha!

Bado!

Februari wakashinda moja. Machi wakashinda nyingine, kwa goli ambalo mpaka leo waliofungwa wanasema halikuvuka mstari. Wakaanza kutambaa. Ikafika Jumamosi ya mwisho wa Aprili. Mossgarth wako mkiani kwa pointi moja tu nyuma ya Stainbeck, na wageni wa siku hiyo ni haohao Stainbeck. Mossgarth wakishinda, Stainbeck ndio watakwenda kuomba kura. Droo haisaidii. Na ile pointi ya penalti iliyopigwa kwenye kibendera cha kona? Kila mtu mjini aliikumbuka. Siku zile ushindi ulikuwa pointi mbili na droo moja; kama wangekuwa nayo wangelingana na Stainbeck, na kwa hesabu ya magoli droo ingetosha. Kasisi naye aliikumbuka, msidhani hakuikumbuka.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ikanyesha, mto ukafurika. Asubuhi mto ulikuwa umesharudi mahali pake, lakini maji yake uliyasahau uwanjani. Refa akaja kwa treni ya mapema, akachukua mpira, akauangusha katikati ya uwanja. Mpira ukaelea.

"Saa ya mechi nitauangusha tena," refa akasema. "Ukielea, hakuna mechi. Mkutano wa ligi ni Jumatatu, na mechi isiyochezwa haina pointi."

Mossgarth wamekwisha!

Bado!

Habari ikafika kiwandani mitambo ikiwa inanguruma. Bi Hannah akamtazama mwenzake wa ng'ambo, akachezesha midomo: "Uwanja umejaa maji." Mwenzake akampa mwingine. Habari ikakimbia mtambo hadi mtambo. Bi Hannah akachezesha tena: "Twendeni na mablanketi." Msimamizi alikuwa katikati ya chumba, anachokonoa sikio, hakujua kitu. Mara akaona wanawake wanazima mitambo, mmoja baada ya mwingine, na honi haijalia.

"Mnakwenda wapi nyinyi?"

"Kufua," akajibu Bi Hannah.

Wakapita ghalani wakabeba mablanketi mapya, mazito, ya sufu, yaliyofungwa tayari kusafirishwa. Hayakuwa yao, na hawakuomba ruhusa. Wakayatandaza uwanjani, wakayakanyaga mpaka yanywe, wakayainua wawili wawili, wakayakamulia mtoni, wakarudi tena. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakumjua Bi Hannah.

Bwana Garside akaja amekunja uso, akakuta mali yake imegeuka matope.

"Nani ameanzisha haya?"

Wanawake wakasimama. Baadhi yao walikuwa na watoto wadogo, baadhi walikuwa na waume wagonjwa. Bi Hannah akaweka blanketi chini.

"Ni mimi. Hawa nimewadanganya kwamba umeruhusu."

Haikuwa kweli. Hakuna aliyedanganywa pale. Lakini hakuna aliyefungua mdomo pia, na hilo nalo mlikumbuke.

"Wengine rudini kazini mpaka honi ilie," Garside akasema. "Wewe, Hannah, usikanyage tena kiwandani kwangu. Na nyumba unayokaa ni ya kiwanda. Wiki ijayo niikute tupu."

Bi Hannah akaliokota blanketi lake. Nyumba ile ndimo alimofiwa na mume. Ndimo alimokuwa amezoea hata mlio wa ngazi zake. Kisha akasema, "Sawa, Bwana Garside. Lakini niache kwanza nimalize."

Wenzake wakarudi kiwandani. Akabaki peke yake na blanketi lake, anakanyaga, anakamua, anakanyaga, anakamua, mpaka honi ilipolia na wenzake wakaja mbio kumsaidia. Refa akauangusha mpira. Mpira ukagota chini: dup! Ukatulia. Na Bwana Garside, mnajua alifanya nini? Akapanda jukwaani akaketi kutazama mechi. Binadamu!

Mpira ukaanza. Ndani ya muda mfupi Enoch Tattersall akadaka shuti la kwanza, watu wakapiga makofi, na yale makofi yakamlevya. Akaanza safari yake. Dunda, dunda, anatoka golini. Dunda, dunda, anaelekea katikati. Kasisi anampigia kelele, "Enoch, rudi!" Dunda, dunda. Mpira ukaangukia penye tope, haukurudi juu. Fowadi wa Stainbeck akauwahi, Enoch akajirusha, wakagongana, mpira ukaenda taratibu kabisa ukaingia golini kusiko na mtu.

Moja bila. Na Enoch alipoinuka, kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevunjika. Kilining'inia upande ambao kifundo hakiendi.

Siku zile hapakuwa na mchezaji wa akiba. Aliyeumia alitoka, na wenzake wakabaki pungufu. Kasisi akaja kama kapteni, akamwambia, "Toka golini. Ukacheze pembeni, hata kusimama tu. Beki atakaa golini."

"Sitoki."

"Enoch, ni amri."

"Kasisi, goli lile nimelitoa mimi. Nitakaa hapa hapa penye aibu yangu. Nitoe kwa nguvu kama unaweza."

Nani angemtoa? Mwashi yule alikuwa na mwili wa watu wawili. Akauchomeka mkono uliovunjika ndani ya jezi, akasimama.

Wamekwisha, sivyo?

Bado!

Na kweli bado. Goli la kusawazisha lilipatikana kabla ya mapumziko, beki wa Stainbeck alipoteleza akaupiga mpira kwa goti ukaingia golini kwake mwenyewe. Hilo msiniulize ni la nani. La matope.

Kipindi cha pili Stainbeck wakajua kipa ana mkono mmoja. Wakapiga kila upande. Shuti moja Enoch akalizuia kwa kifua. Jingine kwa mkono wa kushoto. Jingine kwa uso, damu ikamtoka puani, akatema tope akaita, "Leteni lingine!" Nawaambia, hata washabiki wa Stainbeck walianza kumpenda.

Mechi inakaribia kwisha. Moja kwa moja. Droo, na droo ni kifo. Winga wa Mossgarth akaponyoka, akaingia ndani, beki akamkata miguu kama anayefyeka majani. Winga hakuinuka. Refa akapuliza filimbi, akaonyesha kwa kidole.

Penalti.

Sasa tulieni. Winga ndiye ambaye timu ilikuwa imekubaliana naye kupiga penalti tangu lile balaa la kibendera cha kona. Na winga anabebwa anatolewa nje. Wachezaji wakatazamana. Ghafla kila mmoja akagundua kamba ya kiatu chake imelegea. Hawa ni watu waliokuwa wamecheza na mvua na barafu msimu mzima, lakini penalti ile ilikuwa nzito kuliko mji wao. Mpira ukabaki kwenye tope, na aliyebaki amesimama wima alikuwa mmoja: Kasisi Lionel Ashcombe.

Kando ya kamba, mbele ya watu wote, alisimama kaka yake. Alikuwa amekuja kutoka kusini na marafiki wawili wa chuo kumtazama ndugu yao akicheza mechi kubwa. Kaka mtu alivua kofia yake, akaishika kifuani, akatikisa kichwa kidogo. Alikuwa na uhakika. Mdogo wake ataupiga nje, kama alivyoapa.

Watu wanapiga kelele, husikii kitu. Kasisi akauweka mpira. Akarudi nyuma. Akainua macho. Nyuma ya goli, sketi imelowa matope mpaka kiunoni, alisimama Bi Hannah. Mwanamke yule mwenye sauti ya kuamsha mto hakupiga kelele. Alichezesha midomo.

Na kasisi alijua kuisoma. Alikuwa anawatembelea wafumaji wazee waliokuwa viziwi, na pole pole walimfundisha. Akamsoma Bi Hannah kama mnavyosoma ubao wa matangazo:

"Mimi nimeshatoa changu. Toa chako."

Kasisi akamtazama kaka yake. Akamtazama Bi Hannah. Akaja mbio.

Goli!

Uwanja ukapasuka. Kofia zikaruka. Bwana Garside jukwaani alikuwa amesimama anapiga makofi, na ndiye huyohuyo. Lakini kaka yake kasisi aliirudisha kofia kichwani, akageuka, akaondoka na wenzake kuelekea stesheni. Kasisi alimwona. Alimtazama mgongo mpaka refa akampigia filimbi arudi upande wake.

Msifikiri imekwisha. Stainbeck wakaanza, wakaja wote, hata beki wao. Shuti moja likatoka, kali, la chini, upande wa kulia wa Enoch. Upande wa mkono uliovunjika. Wa kushoto usingefika. Enoch akautoa mkono ule ndani ya jezi, akajirusha, akaupiga mpira kwa kiganja kile kile kinachoning'inia. Mpira ukatoka nje. Yowe alilotoa lilisikika kiwandani. Refa akapuliza filimbi ya mwisho.

Mossgarth wamekwisha?

Bado! Na mwaka ule hawakwisha.

Jumapili mchana, baada ya ibada, mji ukakusanyika ukumbini kutoa mpira. Mwenye kuutoa alikuwa mwenyekiti wa timu, Mzee Jabez Horrocks, mwenye baa ya mtaa wa juu, mtu mwema asiyependa ugomvi na asiyejua kuukwepa. Mpira ulikuwa mezani mbele yake, umekaushwa motoni, bado unanuka tope.

"Miaka yote," Mzee Horrocks akasema, "jambo hili halijawahi kunishinda. Leo naona watu watatu. Wanaoutaka waseme."

Mji ulitegemea adabu. Ulitegemea kila mmoja aseme, "La, mpe mwenzangu." Thubutu! Wote watatu wakasimama.

Enoch akaanza, mkono umefungwa mbao. "Nautaka. Daktari amesema kifundo hiki kitapona kimepinda. Sitashika tena nyundo kama mwashi, na golini sirudi. Nilifungisha goli moja, nimekubali. Lakini nimeokoa mangapi? Na la mwisho nilililipa kwa mkono huu. Penalti ya kasisi ingefaa nini kama lile lingeingia? Huo ndio mpira wa mwisho nilioushika. Nataka kuuona kila siku dirishani kwangu."

Akakaa. Kasisi akasema, "Mimi pia nautaka. Mnadhani kasisi hasemi 'nataka'. Kaka yangu ameondoka bila kunipa mkono, na sijui kama atanipa tena. Kiapo kile nilikiapa kwa moyo wangu wote. Sikukivunja kwa sifa, nilikivunja kwa ajili yenu. Mkono uliovunjika unafungwa mbao. Nilichokivunja mimi hakifungiki. Na kama si goli lile, mnajua Jumatatu mngekuwa wapi. Nataka mpira ukae dirishani kwangu, ili kaka yangu akija siku moja auone, nami nisiweze kuuficha."

Bi Hannah akasimama mwisho. "Mnabishana juu ya mechi. Mechi gani? Jana asubuhi palikuwa na bwawa. Bila mimi Enoch angekuwa nyumbani amelala na mikono yake yote mizima, na kasisi angekuwa na kiapo chake kizima, na timu ingekuwa imekufa. Nimetoa kazi yangu. Nimetoa nyumba yangu. Nakwenda kukaa kwa dada yangu, mji wa bandari, ambako sijui mtu. Nautaka mpira uende nami. Pale nitakapopata dirisha nitauweka, na mtu akipita akauliza, nitamwambia mimi ni mtu wa Mossgarth."

Kisha wale watatu wakageukiana wao kwa wao.

"Bi Hannah," Enoch akasema, "mablanketi hayakuwa yako. Umetoa kwa ukarimu mali ya mtu mwingine."

"Kazi na nyumba vilikuwa vyangu, Enoch, na sikuwa natafuta makofi. Wewe mkono ulivunjika ukijionyesha."

"Enoch," kasisi akasema, "nilikuamuru utoke golini. Ungefungwa, leo tungekuwa tunauita ule ujasiri wako kiburi."

"Lakini sikufungwa!"

"Na wewe, Kasisi," Bi Hannah akasema, "nyumba umeichoma mwenyewe mwanzo wa msimu, mwisho wa msimu ukaja na ndoo ya maji. Tukushukuru? Pointi ile ingekuwepo, droo ingetosha. Hata penalti yenyewe, ni nani aliyekuambia upige?"

Kasisi akainamisha kichwa. "Ni wewe," akasema. "Lakini mguu ulikuwa wangu, Bi Hannah. Na kaka ni wangu."

Mzee Horrocks akapangusa jasho. "Tena kuna desturi," akasema kwa unyonge. "Mpira hauondoki Mossgarth. Lazima urudi majira ya vuli. Bi Hannah akiupeleka mji wa bandari…"

"Akiupeleka, atauleta!" sauti ikatoka nyuma.

"Na asipouleta?" akajibu mwingine.

"Yeye amefukuzwa kwa ajili yetu, wewe unamfukuza mara ya pili!"

Mzee Horrocks akagonga meza akaamuru kimya, na mtu asitoe sauti mpaka ametoa uamuzi. Wakatii. Akaunyanyua mpira kwa mikono miwili. Ukumbi ukawa kimya kabisa, unasikia kuni zikipasuka. Lakini huko nyuma, wafumaji walianza. Midomo ikacheza. Mmoja anasema Hannah, mwenzake anasema hapana, Enoch, wa tatu anasema kasisi. Wale walionyamaza uwanjani Garside alipouliza, sasa wote wana neno. Wakanyoosheana vidole, wakatikisana mabega, mmoja akatoa machozi, mji mzima unagombana na hakuna sauti hata moja. Enoch akasoma midomo ile, maana mama yake alikuwa mfumaji. Kasisi akaisoma. Bi Hannah akaisoma mstari kwa mstari. Aliyeshindwa kuisoma mule ndani alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyeshika mpira.

Akapiga hatua kumwelekea Enoch, akasita. Akageuka kwa kasisi, akasita. Akamtazama Bi Hannah, akaitazama desturi ya mji wake, akasita.

Mimi nilimwacha pale pale, mpira mkononi, mikono inamchoka, na barabarani madirisha matatu yako wazi, moja likiwa la nyumba inayotakiwa iwe tupu wiki ijayo. Yeye haisomi midomo. Nyinyi mna sauti, na muda wote mmekuwa mkipiga kelele "Bado." Basi leo msinipe "Bado," wala msiniletee Usimba na Uyanga hapa. Nakuanza wewe wa nyuma uliyekuwa unasinzia.

Mmoja alitoa mkono wake, mmoja alitoa kiapo chake, mmoja alitoa mahali pake pa kulala. Je, Mzee Horrocks auweke mpira kwenye dirisha la nani?